Vipele vya Ndevu: Asili, Kinga na Tiba

Yeyote apitaye mbele ya vibanda vya vinyozi mjini Musoma, karibu na stendi ya Bunda au penye maduka ya Butiama, huwaona wanaume wa rika zote wakingoja zamu ya kunyolewa. Kunyoa ndevu ni jambo la kawaida mno, hata ni wachache wanaolihesabu kuwa jambo linalohusu afya. Hata hivyo, kwa vijana wengi siku mbili au tatu baada ya kunyoa huwa ni siku za mateso. Shingo na taya huota vipele vigumu vinavyowasha na kuuma, ambavyo vikikunwa hutoa damu au usaha. Kijana hudhani kwamba ameambukizwa na kinyozi au kwamba ana damu chafu. Hununua sabuni kali, hupaka limau au spiriti, kisha hunyoa tena kwa nguvu zaidi ili kuvifyeka vipele hivyo. Navyo huzidi.

Vipele vya namna hii havianzishwi na uchafu, wala aghalabu havianzishwi na vijidudu. Huanzishwa na unywele wenyewe, ambao baada ya kukatwa hurudi na kuichoma ngozi iliouotesha. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Yanaonyesha pia kwamba katika kinga, kinachotangulia mafuta na dawa zote ni urefu wa udevu unaobaki baada ya kunyoa.

UMBO LA UNYWELE

Kila unywele huota ndani ya kifuko kirefu kilichozama katika ngozi. Chini kabisa ya kifuko hicho seli hai hugawanyika bila kukoma. Seli zilizotangulia husukumwa juu na zile zinazofuata, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa, na kuwa uzi unaoonekana nje. Ndiyo sababu kukata unywele hakuumi: sehemu inayokatwa imekwisha kufa. Keratini hiyo hiyo ndiyo iliyounda kucha za binadamu, kwato za ng'ombe na pembe za kifaru wa Serengeti.

Ndevu hukua takriban theluthi moja ya milimita kwa siku, yaani kama sentimita moja kwa mwezi. Tarakimu hii ndogo inafaa kukumbukwa, kwani itahitajika mbele.

Nywele za watu hutofautiana kwa umbo. Unywele ulionyooka hutoka katika kifuko kilichonyooka, na ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, mkato wake huelekea kuwa duara. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, kifuko kimepinda mfano wa mundu, na mkato wa unywele ni bapa. Unywele utokao katika kifuko kilichopinda huendelea kupinda hata baada ya kutokeza nje. Umbo hili si kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia sanamu ya mtu yenye joto iliyovikwa nywele za maumbo mbalimbali, ulionyesha kwamba nywele zilizojisokota sana huzuia joto la jua lisifike kichwani kuliko nywele zilizonyooka. Umbo hilo, ambalo ni faida juani, hugeuka kuwa usumbufu pale wembe unapopita karibu mno na ngozi.

UNYWELE UNAVYORUDI NDANI

Mwaka 1956 madaktari wa ngozi wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, walichapisha maelezo ya kina ya ugonjwa huu. Jina lake la kitabibu lina maana ya uvimbe wa vifuko vya ndevu usio halisi, yaani unaofanana na ule unaoletwa na vijidudu lakini asili yake ni nyingine. Unywele una njia mbili za kurudi ndani ya ngozi.

Njia ya kwanza ni ya kupitia nje. Wembe huukata udevu kwa mshazari na kuuachia ncha kali kama ya mkuki. Udevu huo hukua, hujipinda kuelekea kwenye ngozi, na baada ya siku chache ncha yake hutoboa ngozi umbali wa milimita moja au mbili kutoka pale ulipochomoza. Mtu akitazama kwa kioo cha kukuzia aweza kuuona umefanya upinde, ncha zote mbili zikiwa ngozini.

Njia ya pili ni ya ndani kwa ndani. Mtu anaponyoa huku akiivuta ngozi kwa vidole, au anapopitisha wembe kinyume na mwelekeo wa ndevu, udevu huvutwa nje kidogo kabla ya kukatwa. Ngozi ikiachiwa, kipande kilichobaki huzama chini ya uso wa ngozi. Kinapoanza kukua tena, kwa kuwa kimepinda na ncha yake ni kali, hakifuati njia ya kifuko mpaka mlangoni, bali hutoboa ukuta wa kifuko na kuingia katika nyama ya ngozi.

Kwa njia yoyote ile, matokeo ni mamoja. Keratini iliyo mahali pasipo pake hupokewa na mwili kama mwiba. Seli nyeupe za damu hukusanyika, mahali hapo huvimba, na kipele huota. Hata usaha mweupe unaoonekana mwanzoni mara nyingi hauna vijidudu ndani yake. Bakteria huingia baadaye, kwa kucha zinazokuna na kwa nyembe chafu. Vipele vikipona huacha madoa meusi, na kwa baadhi ya watu huacha makovu yaliyotuna.

Si kila mwenye ndevu za kujisokota hupatwa na vipele hivi. Mwaka 2004 watafiti waliripoti badiliko dogo katika jini la keratini mojawapo, ile iliyomo katika tabaka linaloukumbatia unywele ndani ya kifuko, na wakaonyesha kwamba wenye badiliko hilo wamo katika hatari zaidi. Kwa hiyo ndugu wawili wa nyumba moja, wanaotumia sabuni moja na kunyoa kwa namna moja, waweza kutofautiana: mmoja uso ukabaki laini, mwingine ukaota vipele.

JAMBO LA KUJARIBU DARASANI

Mwalimu aweza kuionyesha njia ya pili kwa vifaa vya kawaida. Atwae kopo tupu, kipande cha kadibodi chenye tundu dogo katikati, na utepe wa mpira. Ncha moja ya mpira ifungwe imara chini ya kopo. Ncha nyingine ipitishwe katika tundu la kadibodi iliyofunika kopo. Kadibodi ni mfano wa ngozi, na mpira ni mfano wa udevu.

Kwanza, mwanafunzi auvute mpira juu kwa sentimita mbili na kuukata kwa mkasi sawasawa na kadibodi, kisha atazame. Ncha iliyokatwa itatoweka chini ya kadibodi. Baadaye mpira mwingine uwekwe, ukatwe bila kuvutwa, na uachwe utokeze nusu sentimita. Ncha yake itabaki nje. Hapo wanafunzi waulizwe: ni mnyoaji yupi aliyenyoa vizuri zaidi machoni pa watu, na ni yupi aliyenyoa kwa usalama?

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Mirija miwili ya kunywea soda ikatwe, mmoja wima na mwingine kwa mshazari mkali, kisha kila mmoja usukumwe katika karatasi laini. Ule wa mshazari utatoboa upesi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya udevu butu na udevu wenye ncha.

WEMBE NA HISTORIA YAKE

Mwaka 1903 King C. Gillette wa Marekani alianza kuuza kishikio chenye wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, na tangu hapo kunyoa kila siku nyumbani kukawa jambo rahisi. Mwaka 1971 ulitokea wembe wa makali mawili yaliyofuatana. Ukali wa kwanza huunasa udevu na kuuvuta kidogo, na wa pili huukata kabla haujarudi. Uso hubaki laini sana, lakini msomaji aliyefuata jaribio la mpira ataona mara moja hatari yake kwa ndevu za kujisokota.

Huko Marekani tatizo hili lilionekana wazi zaidi jeshini, ambako askari walitakiwa kunyoa kila siku. Makala ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1974 ilieleza kwamba kwa askari weusi vipele vya ndevu vilikuwa tatizo la tiba, na papo hapo tatizo la utawala na la jamii. Kanuni iliyotungwa kwa nywele za aina moja ilikuwa ikiwaumiza watu wenye nywele za aina nyingine.

KUTOFAUTISHA NA MARADHI MENGINE

Vipele vya ndevu huota pale tu paliponyolewa, hasa shingoni na chini ya taya, na mara nyingi huepuka sehemu ya masharubu. Mtu akiacha kunyoa, hupungua. Kwa alama hizo hutofautishwa na maradhi mengine matatu.

La kwanza ni chunusi, ambazo huota pia kwenye paji la uso, pua, kifua na mgongo, na huwa na vichwa vyeusi au vyeupe visivyohusiana na kunyoa. La pili ni ambukizo la bakteria katika vifuko vya nywele, ambalo huleta vijipu vyenye usaha, kila kimoja kikiwa na unywele katikati, na huweza kutokea hata kwa asiyenyoa. La tatu ni ambukizo la kuvu, ambalo huleta mabaka yenye magamba au uvimbe, na ndevu zake hung'oka kirahisi. Kuvu hao waweza kutoka kwa ng'ombe na hasa ndama, jambo ambalo wafugaji wa Mara hawana budi kulifahamu. Maradhi haya mawili ya mwisho hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, na dawa ya moja haifai kwa jingine. Kwa hiyo asiye na hakika aende kwanza zahanati.

KINGA

Kanuni kuu ni hii: udevu ubaki nje ya ngozi ukiwa na urefu wa kama milimita moja. Udevu wa urefu huo hauwezi kuzama ndani ya kifuko, na haujafikia urefu wa kujipinda na kurudi ngozini. Mashine ya kinyozi yenye kitana cha kuzuia makali hufanya kazi hiyo vizuri. Kinyozi aombwe asiikandamize mashine ngozini wala asitoe kitana. Kwa kuwa ndevu hukua theluthi moja ya milimita kwa siku, mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe kwamba mtu huyo atahitaji kupunguza ndevu zake kila baada ya siku chache.

Anayelazimika kutumia wembe afuate utaratibu huu:

1. Aoshe uso kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na aache ndevu zilowe kwa dakika tano. Keratini iliyolowa hulainika, nayo hukatika bila kuvutwa sana.

2. Apake povu jingi la sabuni au krimu ya kunyolea.

3. Atumie wembe mpya wa ukali mmoja, anyoe kufuata mwelekeo ndevu zinakolala, na kwa mpigo mwepesi. Mahali pamoja pasipitiwe zaidi ya mara mbili.

4. Asiivute ngozi kwa vidole.

5. Baada ya kunyoa asuuze kwa maji baridi na kupaka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Spiriti juu ya ngozi iliyochubuka huongeza mwasho, wala haiondoi chanzo cha vipele.

Baadhi ya watu hupata nafuu kwa kunyoa kila siku kwa utaratibu huo badala ya kuruka siku tatu au nne, kwa sababu udevu haupati muda wa kujipinda. Wengine huumia zaidi. Kila mtu hana budi kuichunguza ngozi yake.

Ipo pia njia ya kemikali. Krimu za kuondolea nywele huvunja vifungo vya salfa vinavyoziunganisha nyuzi za keratini, na ndiyo asili ya harufu yake kali. Udevu huachwa na ncha laini iliyo butu. Hata hivyo krimu hizo zaweza kuunguza ngozi. Zijaribiwe kwanza kwenye mkono, zisizidishwe muda ulioandikwa, na zisipakwe penye vidonda.

TIBA

Mwenye vipele vingi aache kunyoa. Muda unaohitajika ni wiki nne angalau, na kwa walioathirika sana hufikia wiki nane au zaidi. Wakati huo ndevu zaweza kupunguzwa kwa mashine, lakini zisikwanguliwe. Wiki ya kwanza hali yaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi, kwani ndevu zilizokwisha kukatwa zinaendelea kuingia ngozini, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia wembe. Wakivumilia, udevu ulionaswa ukifikia urefu wa kama sentimita moja hufanya kazi kama kamani, yaani hujifyatua wenyewe na kutoka ngozini. Kwa mwendo wa theluthi moja ya milimita kwa siku, urefu huo ni kazi ya mwezi mmoja. Msingi wa wiki nne ni hesabu hiyo.

Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kikiwekwa juu ya vipele kwa dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, hupunguza maumivu na kulainisha ngozi. Udevu uliofanya upinde waweza kuinuliwa taratibu kwa ncha ya sindano iliyosafishwa kwa spiriti. Uinuliwe tu, using'olewe. Udevu uking'olewa, ule utakaoota badala yake huanzia chini kabisa ya kifuko, nao waweza kutoboa ukuta wake.

Kwa dawa, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 hupunguza uvimbe ikitumiwa kwa siku chache tu. Penye usaha, mganga huweza kutoa krimu ya benzoili peroksaidi au dawa ya kuua bakteria. Kwa ugonjwa wa muda mrefu, daktari wa ngozi aweza kuagiza dawa za jamii ya vitamini A za kupaka usiku. Mionzi ya leza ya mawimbi marefu, inayofaa ngozi nyeusi, hupunguza kabisa idadi ya ndevu, lakini gharama yake ni kubwa. Mkazi wa Mara huanzia zahanati au kituo cha afya, hupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na akihitaji zaidi hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

HATARI MBILI ZA KUEPUKWA

Hatari ya kwanza ni krimu za kung'arisha ngozi. Madoa meusi yanayoachwa na vipele huwashawishi vijana kununua krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Tanzania. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu huikondesha ngozi na kuleta chunusi mpya, na zebaki hudhuru figo. Madoa yenyewe hufifia polepole vipele vipya vikikoma kuota.

Hatari ya pili ni kuchangia wembe. Uso wenye vipele hutoka damu kwa urahisi, na damu yaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Wembe uwe mpya kwa kila mtu. Meno ya mashine yakiingia damu, yaondolewe nywele na kulowekwa dakika kumi katika maji ya klorini ya asilimia 0.5, kisha yasuuzwe na kukaushwa. Dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili kupata kiwango hicho, na wanafunzi wa kemia waweza kulithibitisha hilo kwa hesabu.

UNADHIFU NA KANUNI

Shule nyingi za sekondari huwataka wavulana waje wamenyoa. Wanaohitimu kidato cha sita huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lina kambi Rwamkoma, wilayani Butiama, na baadaye wengi hutafuta ajira za ulinzi, polisi na hoteli. Huko kote uso usio na ndevu huhesabiwa kuwa dalili ya nidhamu. Kijana mwenye vipele hujikuta kati ya mambo mawili: akinyoa huumia, asiponyoa huonekana mkaidi. Wengine huacha kunyoosha mkono darasani wasije wakatazamwa.

Jambo hili lina utatuzi, nao haudai kuvunja kanuni. Unadhifu ni jambo moja, na kuikwangua ngozi ni jambo jingine. Ndevu za milimita moja hazionekani kwa umbali wa hatua chache. Mwalimu wa nidhamu anayelifahamu hilo aweza kumruhusu mwanafunzi mwenye cheti cha mganga atumie mashine badala ya wembe, na utaratibu wa shule usipungue hata kidogo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alijulikana duniani kote kwa masharubu yake mafupi, wala hakuna aliyemwona kuwa mtu asiye nadhifu.

Vipele vya ndevu, basi, havitokani na uchafu wala na damu mbaya. Ni matokeo ya unywele uliopinda kukatwa mfupi kupita kiasi. Mwenye kuuelewa mwendo wa unywele huo atajua kwamba tiba ya kwanza haigharimu fedha: ni kuuacha wembe kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo kuuachia udevu milimita yake moja.